Je, kimbunga kinaweza kufika Kampala? Maswali yenu na historia inayoyajibu

 

Insha ya leo ilianza na voisi. Mwanzoni mwa Mei 2024 iliingia kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Sauti ya mwanaume, Kiswahili cha kwetu kabisa, anaongea haraka. Alisema kuna kimbunga kinaitwa Hidaya, kimeshaimaliza Kenya, na usiku huo kinaingia Kampala. Maji ya ziwa yatapanda mpaka mjini, kila mtu akimbilie kilimani. Jina lake hakusema, na alikoisikia hiyo habari pia hakusema.

Mama mmoja anayeishi kwenye chumba cha kupanga kule bondeni Bwaise aliisikiliza mara mbili. Yeye ni wa Kalehe, Kivu Kusini. Mnasikia jina hilo mnajua. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka milimani na mawe na matope, ikafagia Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Yeye alimpoteza dada yake. Sasa mwaka mmoja umetimia, ni wiki ileile, alafu anasikia maji yanakuja tena. Hakungoja. Alibeba watoto watatu na godoro, akapanda mlima, wakalala kwenye baraza ya kanisa. Mvua ya kawaida ilinyesha, ikaisha. Asubuhi aliporudi mlango ulikuwa umevunjwa. Sigiri, sufuria na mfuko mzima wa vitenge alivyokuwa anatembeza mtaani vilikuwa vimeenda. Huo ndio ulikuwa mtaji wake wote.

Tuseme ukweli: aliyeitupa hiyo voisi kwenye grupu yetu ni mmoja wetu. Alidhani anasaidia. Hakuna kati yetu aliyesimama akauliza: je, hii kitu inawezekana? Tulikuwa hatujui. Ndiyo maana tulikaa, tukasoma, tukauliza waliosoma zaidi yetu, na tukakusanya maswali mliyotutumia. Haya ndiyo majibu. Mengi yanatoka kwenye historia, kwa sababu pwani yetu ya Afrika Mashariki ina historia ya vimbunga kuliko watu wengi wanavyojua.

Kimbunga, hariken, taifuni, saikloni: ni vitu vinne?

Hapana. Ni kitu kimoja chenye majina kulingana na bahari. Kikitokea Atlantiki, upande wa Marekani na Karibi, wanakiita hariken. Upande wa Japani na Ufilipino ni taifuni. Kwenye Bahari ya Hindi, bahari yetu, ni saikloni. Sisi kwa Kiswahili tunasema kimbunga, na wazee wa pwani wanasema pia tufani.

Shida yetu ni kwamba neno kimbunga tunalitumia kwa kila upepo. Upepo ukiezua mabati ya shule kambini, tunasema kimbunga. Vumbi likizunguka uwanjani, tunasema kimbunga. Lakini kile cha baharini ni kitu kingine kabisa. Kinaweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita, kikaishi siku nyingi. Upepo wake, ukifika kama kilomita 120 kwa saa na kupita, ndipo kinahesabiwa kuwa kimekomaa.

Kinazaliwa wapi, na kinakula nini?

Kinakula joto la bahari. Maji yanatakiwa kuwa na joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, si juu tu bali kwenda chini mita kadhaa kumi. Maji hayo yanapanda kama mvuke, mvuke unakuwa mawingu, na mawingu yanapotengenezwa yanatoa joto linalovuta hewa nyingine kutoka chini. Ni kama sigiri inavyovuta hewa: kadiri makaa yanavyowaka, ndivyo inavyovuta zaidi. Hewa inayokimbilia katikati inaanza kuzunguka. Kusini mwa ikweta inazunguka kufuata mshale wa saa, kaskazini inazunguka kinyume.

Katikati kabisa kuna jicho. Ndani ya jicho upepo unatulia, hata jua linaweza kuonekana. Pembeni ya jicho ndipo upepo mkali kuliko wote ulipo. Hapa watu wengi wamekufa kwa kutojua: upepo unanyamaza, wanatoka nje kutafuta watoto au mabati yao, alafu ukuta wa pili unafika, na upepo unarudi ukivuma kutoka upande wa pili.

Kikiingia nchi kavu, kimbunga kinakosa chakula na kinaanza kufa. Ila kinapokufa kinamwaga mvua yote kilichobeba, na mara nyingi maji ndiyo yanayoua kuliko upepo. Kuna maji ya mvua, na kuna bahari yenyewe ambayo upepo unaisukuma inapanda juu ya ardhi.

Basi kinaweza kufika Kampala?

Hapana. Tuna sababu tatu.

Ya kwanza ni umbali. Kutoka Kampala mpaka Bahari ya Hindi ni kama kilomita 900 ukinyoosha mstari, na katikati kuna milima na nyanda za juu. Tena Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kimbunga kingekufa njiani mapema sana.

Ya pili ni ikweta. Ili kimbunga kizunguke kinahitaji msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo karibu na ikweta ni mdogo mno. Kwa kawaida vimbunga havizaliwi ndani ya digrii kama tano kutoka ikweta, upande wowote. Kampala iko chini ya nusu digrii.

Wengi wetu tumepita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, pale kwenye ile duara nyeupe ya ikweta. Kuna vijana wanaonyesha maji kwenye beseni: upande huu yanazunguka hivi, hatua chache upande wa pili yanazunguka vingine, na katikati yanashuka moja kwa moja. Watalii wanalipa. Wandugu, ule ni mchezo wa mikono. Beseni ni dogo mno na hatua ni chache mno kwa dunia kuyageuza maji namna hiyo. Lakini kwa kitu chenye upana wa kilomita mia tano, kilicho mbali na ikweta, dunia inakigeuza kweli.

Ya tatu ni ziwa letu. Wengine mliuliza: si Nalubaale nalo ni kama bahari? Ni kubwa, kilomita za mraba karibu 69,000, lakini kwa kimbunga ni dogo sana, na liko juu ya ikweta. Kwa hiyo hakizaliwi hapo. Hatusemi ziwa ni salama. Ngurumo zake za usiku na upepo wa ghafla vinaua wavuvi kila mwaka. Hiyo ni hatari ya kweli, ila siyo kimbunga.

Kwa hiyo ile voisi ilikuwa uongo. Ukisikia nyingine kama hiyo, jibu unalo.

Hidaya yenyewe ilikuwa uongo?

Hapana, Hidaya ilikuwepo. Ndiyo maana uongo ule uliaminika: ulipanda juu ya habari ya kweli.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilikuwa inakifuatilia na kutoa taarifa. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Kenya nayo ilitoa tahadhari, na kufungua shule kukaahirishwa. Tarehe 4 Mei 2024 kilifika kisiwa cha Mafia kikiwa kimeshaanza kupungua nguvu, na siku hiyohiyo mamlaka ikatangaza kwamba kimeisha nguvu.

Kumbe watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekufa kwa mafuriko Kenya walikufa kabla Hidaya haijafika, kwa mvua za masika. Voisi ilichukua vifo vile ikavibandika kwenye jina la kimbunga. Kalehe pia haikuwa kimbunga. Ilikuwa mvua kubwa juu ya milima iliyokatwa miti, na nyumba zilizojengwa pale mito inapopita. Tunasema hivi si kwa kubishana juu ya majina. Ukikosea jina la hatari, unakimbilia pasipo na haja, na unalala pale ambapo ungetakiwa kuhama.

Kwa hiyo vimbunga kwetu ni kitu kipya?

Hapana. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Sultani alikuwa Barghash bin Said, hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti. Zanzibar iko digrii sita tu kusini ya ikweta, na Madagaska inaikinga kwa sehemu, kwa hiyo vimbunga vingi vinapita mbali kusini. Watu wa mjini hawakuwa wanategemea kitu kama kile. Kiliharibu nyumba, kikavunja majahazi, na meli za Sultani zikaangamia bandarini. Baadaye Barghash aliagiza meli nyingine kutoka Uingereza, iliyoitwa Glasgow. Ni hiyo ambayo Waingereza waliizamisha mwaka 1896 kwenye ile vita ya chini ya saa moja.

Lakini hasara kubwa ilikuwa mashambani. Sehemu kubwa sana ya mikarafuu na minazi ya Unguja ililala chini. Mkarafuu si muhogo. Ukiupanda leo unangoja miaka kadhaa mpaka uanze kukupa kitu. Pemba, kisiwa cha jirani, hakikuguswa sana. Bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye uwezo akakimbilia kupanda Pemba. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu.

Nani alifyeka pori na kuchimba mashimo ya ile mikarafuu mipya? Watumwa. Mwaka 1873 Barghash, chini ya shinikizo la Waingereza, alisaini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Lakini Pemba ilikuwa inataka mikono, na watu waliendelea kupitishwa kwa miguu kando ya pwani na kuvushwa kwa siri. Walitoka upande wa Ziwa Nyasa, na wengine walitoka mbali zaidi, mpaka Maniema, Kongo yetu. Utumwa wenyewe Zanzibar haukufutwa kisheria mpaka 1897.

Tafakari hapo. Upepo wa siku moja, kwenye kisiwa kimoja, na mtu wa Maniema ambaye hajawahi kuiona bahari anailipa hasara yake kwa mwili wake miaka mingi baadaye. Vitabu vya shule vinahesabu meli na mikarafuu. Huyo mtu hana jina humo.

Mwaka 1952, mwezi wa Aprili, kimbunga kingine kikali kilipiga Lindi, kusini ya Tanganyika. Kwa hiyo pwani ya Tanzania vinafika, ila kwa nadra. Tukishuka kusini zaidi, Msumbiji na Madagaska, vinafika karibu kila msimu, hasa kati ya Novemba na Aprili.

Kinaweza kwenda alafu kikarudi?

Ndiyo, na hiki ni kitu ambacho wengi hawakijui. Kimbunga hakina barabara. Kinasukumwa na pepo kubwa za juu, na zikibadilika nacho kinageuka.

Idai ni mfano. Mwanzoni mwa Machi 2019 kilianza kama dhoruba ndogo, kikaingia Msumbiji, kikamwaga mvua mpaka Malawi. Watu wakadhani kimekwisha. Kikarudi baharini, kikanywa joto, kikakua, na usiku wa tarehe 14 Machi kikapiga Beira. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, nchi ikawa kama bahari. Msumbiji, Zimbabwe na Malawi zilipoteza watu zaidi ya 1,000. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kikapiga Cabo Delgado, karibu na mpaka wa Tanzania. Mtwara watu walishaambiwa wajiandae.

Freddy cha 2023 ni cha ajabu zaidi. Kilianzia upande wa Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kikapiga tena Msumbiji, na mvua yake ikaua mamia ya watu Malawi, hasa Blantyre na maeneo ya jirani. Wataalamu wa dunia walihesabu siku 36. Hakuna kimbunga kingine kilichopimwa kikaishi muda huo.

Mafunzo yake ni rahisi: usirudi nyumbani kwa sababu tu jua limetoka. Rudi ukiambiwa na wanaokifuatilia.

Wakimbizi wenzetu wamewahi kukutana nacho?

Ndiyo, na mara nyingi. Hili ndilo lilitushtua sisi tuliokuwa tunaandika.

Idai ilipita kambi ya Tongogara, Chipinge, Zimbabwe. Wengi wanaoishi pale ni Wakongo. Nyumba za matofali ya udongo ziliyeyuka na vyoo vikaanguka. Machi 2022 kimbunga Gombe kilipiga jimbo la Nampula, Msumbiji, ilipo kambi ya Maratane, wanakoishi Wakongo, Warundi na wengine, pamoja na waliokimbia vita vya Cabo Delgado. Nyumba nyingi sana za kambi ile ziliharibika, sehemu kubwa zaidi ya nusu. Watu waliotembea kutoka Fizi au Rumonge kukimbia risasi, wakakutwa na upepo.

Alafu kuna Mayotte. Ni kisiwa cha Ufaransa karibu na Komoro. Baadhi yenu mna ndugu pale, mnajua njia yao ya boti. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipita juu yake, upepo ukavuka kilomita 200 kwa saa. Kisiwa hakikuwa kimeona kitu kama kile kwa karibu miaka 90. Vibanda vya mabati juu ya vilima, ambako wageni wengi wasio na karatasi wanaishi, vilifagiliwa. Hesabu ya serikali ni watu takriban 40 waliokufa na wengine kama hao waliopotea.

Tahadhari ilikuwa imetolewa. Majengo ya kujihifadhi yalikuwa yamefunguliwa. Lakini wengi wasio na karatasi hawakwenda. Waliogopa kwamba ni mtego, kwamba wakiingia ndani polisi watawashika na kuwarudisha. Walibaki chini ya bati.

Sasa weka hiyo pamoja na yule mama wa Bwaise. Yeye alipata tahadhari ya uongo akakimbia, kwa sababu ilikuja kwa lugha yake, kwenye grupu ya watu wake. Wale wa Mayotte walipata tahadhari ya kweli wakabaki, kwa sababu ilitoka kwa watu ambao siku zote wanawakimbia. Mtu hasikilizi maneno peke yake. Anasikiliza kwanza ni nani anayeongea.

Uganda basi haiguswi kabisa?

Hatukusema hivyo. Kimbunga hakifiki, lakini kazi yake inaweza kufika.

Mnakumbuka nzige wa 2020? Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Salalah, Oman, ambako nako kuna Waswahili wengi. Mvua yake iliingia mpaka kwenye jangwa kubwa la Uarabuni ambako hakuna anayeishi. Jangwa likaota majani, nzige wakazaliana bila mtu kuwaona. Oktoba mwaka uleule kimbunga Luban kikaleta mvua nyingine upande wa Yemen, na nzige wakaendelea kuzaliana. Yemen ilikuwa vitani, kuwadhibiti ikawa ngumu. Wakavuka kwenda Somalia na Ethiopia, mwisho wa 2019 wakaingia Kenya, ambako ilisemekana hawajaona baya kama lile kwa miaka 70. Tarehe 9 Februari 2020 wakaingia Uganda kupitia Karamoja, na wanajeshi wakapelekwa kupiga dawa.

Kwa hiyo mvua iliyonyesha jangwani bila shahidi ilimaliza majani ya ng'ombe wa Mkaramojong karibu miaka miwili baadaye. Vimbunga vya upande wa Msumbiji pia vinaweza kuvuruga mvua zetu. Mara nyingine vinavuta unyevu kwenda kwao na masika yetu yanachelewa, kama ilivyokuwa 2019. Mara nyingine vinavuta hewa ya mvua kutoka Kongo na tunapata mafuriko. Mkulima wa Nakivale anayengoja kupanda mahindi anaguswa, hata kama hajawahi kusikia jina la kimbunga chenyewe.

Na vitaongezeka? Wataalamu hawasemi lazima viwe vingi zaidi. Wanasema kwamba bahari inavyozidi kupata joto, vile vikali vinakuwa vikali zaidi na vinabeba mvua nyingi zaidi.

Sisi vijana tufanye nini?

Tumalizie na Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kiliua pale watu wasiopungua 300,000. Bahari ilipanda usiku, watu hawakujua au hawakuamini. Baada ya hapo nchi ile, na si nchi tajiri, ilianzisha mpango wa watu wa kujitolea kwa kila kijiji, na majengo ya kukimbilia. Siku hizi vimbunga vikali bado vinapiga, lakini wanaokufa mara nyingi ni makumi, si malaki.

Na wale Warohingya, wakimbizi waliojaa kwenye vilima vya Cox's Bazar chini ya mianzi na maturubai, hawakuachwa nje ya mpango. Vijana wao wenyewe walifunzwa. Bendera moja, bendera mbili, bendera tatu, kila idadi ina maana yake, na kila mtoto wa kambi anaijua. Wanapita na vipaza sauti, wanaongea lugha ya watu wao, wanajua ni nani mlemavu, ni nani ana mtoto mchanga. Mei 2023 kimbunga Mocha kilipokaribia, ndio waliotembea mlango kwa mlango. Vibanda vingi viliharibika, lakini kambi zile hazikuzika watu kwa mamia.

Hao ni vijana kama sisi. Hawana karatasi kuliko sisi, hawana shule kuliko sisi. Wanachotuzidi ni kwamba walipewa habari ya kweli mapema na kazi ya kuifikisha.

Hapa Kampala hatari yetu ni mafuriko ya bondeni, mitaro iliyoziba, nyaya za umeme ndani ya maji, radi. Kuanzia sasa grupu yetu imekubaliana mambo matatu. Kwanza, voisi isiyo na jina la aliyesema na mahali ilipotoka haipiti. Pili, ikija habari ya hali ya hewa, wawili wetu wanaitafuta kwenye taarifa rasmi ya hali ya hewa ya Uganda kabla haijatumwa, alafu tunaitoa kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa sababu mama zetu wengi hawasomi. Tatu, tunaandika orodha ya wanaoishi bondeni, ili mvua kubwa ikija tujue tunagonga mlango gani kwanza.

Kwa ninyi wa mashirika, ombi letu ni moja. Taarifa ya Kiingereza kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini haimfikii mtu wa Bwaise saa nne ya usiku. Tupeni sisi mapema, tutaipeleka.

Na yule mama? Tulichanga, kila mtu alichokuwa nacho, tukamnunulia vitenge vinne vya kuanzia. Havikufika kwa vile alivyokuwa navyo. Tulimwambia kwamba voisi ilitoka kwetu, tukaomba msamaha. Alinyamaza, alafu akatuambia: "Siku ile ya Kalehe hakuna aliyetuambia kitu. Siku hii mliniambia uongo. Siku nyingine mniambie ukweli, nitakimbia tena."

Wandugu, hiyo "siku nyingine" ndiyo tunajiandaa nayo. Kama una swali ambalo hatukulijibu, liandike hapo chini.